Alama ya Saba

Magari yaliyotengenezwa na kampuni ya Chrysler mwaka 1971 yana kibati chembamba juu ya dashibodi, upande wa dereva, ambacho unaweza kukisoma ukiwa umesimama nje kupitia kioo cha mbele. Kibati hicho kina alama 13. Kwenye Plymouth 'Cuda chache sana, alama saba za mwanzo ni hizi: BS27R1B. Kwa mpita njia hiyo ni namba ya chesisi tu, kama ile tunayoikagua kabla ya kulipia gari la mtumba kutoka Japani. Kwa mkusanyaji wa magari ya zamani ya Kimarekani, ni sentensi kamili. B ya kwanza ni Barracuda, ukoo wa gari. S ni daraja lake. 27 ni umbo: milango miwili, paa la kukunjwa. R ni injini ya Hemi ya inchi za ujazo 426, yaani lita 7. Tarakimu 1 ni mwaka 1971. B ya mwisho ni kiwanda: Hamtramck, mji mdogo wa Michigan ambao Detroit imeuzunguka karibu kila upande.

Magari yenye sentensi hiyo hayakuzidi 12. Juni 2014, mjini Seattle, moja liliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. Toa R, weka herufi ya injini ndogo ya V8, na bei inaporomoka hadi sehemu ndogo tu ya hiyo. Bodi ni ile ile. Rangi inaweza kuwa ile ile, viti pia. Kilichobadilika, kwa anayelitazama kwa nje, ni herufi moja.

Makala hii inahusu usomaji wa namna hiyo. Nadhani ni usomaji wa kweli, na sisi tunaoshinda maktaba tukibishana kuhusu matini tunaweza kujifunza kitu kwake. Nadhani pia kwamba unakomea alama moja kabla ya mwisho.

*

Kwanza gari lenyewe. Tanzania, ukisema V8, watu wanafikiria Land Cruiser ya mkubwa fulani ikipita na vioo vyeusi. Marekani ya miaka ya 1960, V8 kubwa ndani ya gari la wastani ilikuwa tamaa ya vijana. Mwanzoni mwa 1963 kampuni ya General Motors ilijitoa kwenye mashindano ya mbio, na ilikuwa na kanuni ya ndani kwamba magari yake ya wastani yasifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, walichukua injini ya inchi 389 iliyokuwa ikifungwa kwenye magari makubwa ya familia, wakaiweka kwenye gari lao la wastani, Tempest. Ili kuikwepa kanuni, hawakusema wametengeneza gari jipya. Walisema ni nyongeza ambayo mteja anaweza kuichagua, kama redio, kwa bei isiyofika dola 300. Jina walilichukua kwa Waitaliano wa Ferrari: GTO. Msimu wa kwanza, wa 1964, waliuza zaidi ya 32,000.

Huo ndio mwanzo unaotajwa na wengi wa yale yaliyokuja kuitwa magari ya misuli. Wazo lenyewe lilikuwa rahisi: gari jepesi kiasi, injini kubwa kupita kiasi, bei ambayo kijana mwenye ajira anaweza kuikopea. Mwaka 1968 Plymouth walilifikisha wazo hilo mwisho wake kwa gari la Road Runner. Ndani hamkuwa na anasa, bei ya kuanzia haikufika dola 3,000, na kampuni iliwalipa Warner Bros. dola 50,000 ili kutumia jina na picha ya ndege wa katuni. Hata honi ililia kama ndege huyo. Huwezi kuelewa magari haya ukisahau kwamba yalizaliwa na utani ndani yake.

Hayakuishi sana. Kampuni za bima zilipandisha ada kwa vijana wenye injini kubwa. Sheria ya hewa safi ya 1970 ilibana moshi. Kufikia 1971 watengenezaji walikuwa wakipunguza nguvu za injini ili zikubali petroli yenye risasi kidogo. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikasitisha kuiuzia Marekani mafuta, foleni zikajaa kwenye vituo vya petroli, na habari ikaishia hapo. Mengi ya magari hayo yaliishia kwenye nguzo za umeme na kwenye viwanja vya vyuma chakavu.

'Cuda yenye Hemi na paa la kukunjwa ilitoka katika siku hizo za mwisho. Wahenga wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hili halikujiuza. Injini peke yake iliongeza mamia ya dola juu ya bei, bima ilikuwa balaa, na anayetaka mbio za kweli hakutaka uzito wa ziada wa mitambo ya paa. Kwa hiyo uadimu ambao leo unalipiwa mamilioni ni ushahidi wa kukataliwa sokoni. Wanunuzi wa 1971 walikuwa na nafasi ya kulichukua, wakapita.

*

Maelezo ya kawaida ya kwa nini wakusanyaji wanayataka magari haya ni kwamba wanaununua ujana. Mzee aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1970 alilitamani gari la jirani, hakuwa na fedha, akazipata akiwa na miaka 50. Kuna ukweli hapo, na masoko ya vitu vya kale yanafuata umri wa wanunuzi wake. Lakini maelezo hayo hayatoshi, na kinachoyaangusha ni kopi.

Leo fundi mzuri anaweza kuchukua Barracuda ya kawaida ya mwaka ule ule, akaifunga injini ya Hemi iliyotengenezwa upya, akaipaka rangi inayostahili, na kukukabidhi gari ambalo macho hayawezi kulitofautisha na lile la milioni 3.5. Litakimbia vilevile. Ukitaka, atakufungia breki nzuri zaidi, kwa sababu breki za zamani zilikuwa udhaifu unaojulikana wa magari haya. Kama kinachotafutwa ni mngurumo, upepo na kumbukumbu ya miaka 17, kopi inatosha kabisa, na inagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya gari halisi.

Mkusanyaji hailipii kopi bei ya gari halisi. Anataka namba zinazolingana: namba iliyogongwa kwenye injini na kwenye giaboksi iwe sawa na ile ya kwenye dashibodi. Anataka karatasi ya maelekezo ya kiwandani, ile iliyosafiri na gari kwenye mstari wa kuunganishia ikiwaambia wafanyakazi lifungwe nini. Karatasi hizo hazikukusudiwa kumfikia mteja. Zilisahauliwa chini ya kapeti au kwenye springi za kiti, na miaka 30 baadaye mtu anazitoa zikiwa zimeng'atwa na panya, anazibana kati ya vioo viwili kama hati ya kale. Wakati mwingine karatasi iliyo ndani ya kiti ni ya gari jingine kabisa. Aliyeiacha hapo alikuwa na haraka.

Anayesoma fasihi anaijua kazi hii. Ni ile ya mtu anayelinganisha nakala za utenzi mmoja, anayetazama wino, karatasi na mwandiko, anayeuliza nani alinakili kwa nani na wapi mkono wa pili uliingia. Hata maadui ni wale wale: matapeli wanaosugua namba na kugonga nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza la mkusanyaji kuhusu gari ni lile la mhakiki wa matini: je, hiki ndicho kitu chenyewe, na tunajuaje? Kasi na uzuri huja baadaye.

*

Mfano ulio wazi kuliko yote si 'Cuda. Ni Ford Mustang ya kijani ya mwaka 1968, iliyoendeshwa na Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt ya Peter Yates.

Filamu hiyo inakumbukwa kwa takriban dakika 10 za kufukuzana kwenye vilima vya San Francisco: Mustang ya polisi na Dodge Charger nyeusi ya wauaji. Ukiitazama kwa makini, ufukuzanaji huo ni uongo mtupu. Volkswagen moja ya kijani inapitwa, halafu inapitwa tena na tena, kwa sababu tukio moja lilipigwa na kamera kadhaa na vipande vikapangwa kana kwamba ni matukio tofauti. Charger inadondosha vifuniko vya rimu vingi kuliko magurudumu iliyonayo. Frank P. Keller alipata Oscar kwa uhariri wa filamu hiyo, na aliistahili, kwa sababu mtazamaji aliyeshika kiti chake kwa mikono miwili hahesabu vifuniko.

Mustang zilikuwa mbili. Moja iliruka vilima mpaka ikachakaa, ikatupwa, na mabaki yake yakaonekana Mexico mwaka 2017. Ya pili, ambayo McQueen alionekana nayo kwa karibu, iliuzwa, ikapita mikononi mwa watu, na mwaka 1974 ikanunuliwa na familia moja ya New Jersey kwa takriban dola 6,000. Mama wa familia hiyo alikuwa mwalimu. Aliiendesha kwenda kufundisha. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliandika barua akiomba kuinunua, akaahidi kuwatafutia Mustang nyingine iwapo haitakuwa ghali mno. Hawakumuuzia. Klachi ilipoharibika, mwanzoni mwa miaka ya 1980, gari liliwekwa ndani, na familia ikanyamaza kwa zaidi ya miongo mitatu.

Lilipoonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya magari ya Detroit, Januari 2018, halikuwa limepakwa rangi upya. Lilikuwa na kutu, rangi iliyofifia, na alama za mahali vifaa vya kamera vilipofungwa mwaka 1968. Tarehe 10 Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, dalali aligonga nyundo kwenye dola milioni 3.4. Pamoja na ada za mnada ikawa milioni 3.74. Hakuna Mustang iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo mnadani.

Ukiisoma bei hiyo kama hoja, inasema nini? Inasema kwamba kutu ya kweli ni bora kuliko rangi mpya. Inasema kwamba matundu yaliyotobolewa na mafundi wa filamu hayapaswi kuzibwa, kwa sababu ndiyo yanayothibitisha kwamba uongo ule wa dakika 10 ulitengenezwa na chuma hiki hasa. Na inamjumuisha, bila kumtaja kwenye bango, mwalimu aliyepanga daftari za wanafunzi pembeni ya kiti cha mwigizaji maarufu. Kama angelitunza kama sanamu, hadithi ingekuwa pungufu. Gari lilifanya kazi, likachakaa, likafichwa. Mnunuzi alilipia maisha hayo yote.

Mgala muue na haki mpe. Wakati viwanda vilivyoyatengeneza magari haya viliyaona kama hesabu iliyofungwa, na watu wenye elimu waliyaona kama ushamba, wakusanyaji walikusanya karatasi, wakajifunza misimbo, wakaandika orodha, wakahifadhi vitu ambavyo vingeyeyushwa. Wengi hawakuwa matajiri walipoanza. Anayewacheka kwamba ni wazee na vitu vyao vya kuchezea hajawatazama wakifanya kazi.

*

Sasa turudi kwenye alama ya saba, B ya mwisho.

Kiwanda cha Hamtramck kilijulikana kama Dodge Main. Barracuda za 1970 na 1971 zenye herufi hiyo ziliunganishwa humo, na humo pia zilitoka Charger za 1968, ndugu za ile nyeusi ya Bullitt. Kufikia mwaka huo, sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mstari wa kuunganishia walikuwa Wamarekani weusi, wengi wao vijana, huku wasimamizi wakiwa karibu wote weupe. Majira ya joto ya mwaka uliotangulia, Detroit ilikuwa imewaka moto, na watu 43 wakafa.

Tarehe 2 Mei 1968 maelfu ya wafanyakazi wa Dodge Main, weusi kwa weupe, waligoma bila idhini ya chama chao, UAW. Malalamiko yao yalikuwa kasi ya mstari: magari mengi zaidi kwa saa, mikono ile ile. Adhabu ziliwaangukia zaidi weusi. Kati ya waliofukuzwa alikuwemo General Baker. General lilikuwa jina lake, si cheo. Aliiandikia Chrysler barua ya wazi, na mwezi huo huo yeye na wenzake wakaanzisha DRUM, harakati ya wafanyakazi weusi wa Dodge, wenye gazeti lao la kugawa getini. Mwaka uliofuata, makundi kama hayo ya viwanda mbalimbali yaliungana kuwa shirika moja la wafanyakazi weusi wa kimapinduzi. Bullitt iliingia sinema Oktoba 1968, miezi mitano baada ya mgomo ule.

Hakuna haja ya kuunganisha mambo haya kwa nguvu. Yameunganishwa tayari, kwenye kibati. Anayejua kwamba R ni Hemi anajua pia kwamba B ni Hamtramck. Lakini R inafungua mlango wa maelezo ya saa nzima, kuanzia kichwa cha silinda hadi kabureta mbili, na B inamalizwa kwa jina la mji.

Cha kushangaza ni kwamba wafanyakazi wale wamo ndani ya mapenzi haya, tena mahali penye heshima. Kwenye mashindano ya magari yaliyofufuliwa, majaji hutazama kama gari liko vile lilivyotoka kiwandani. Na magari haya hayakutoka yakiwa safi. Rangi ilipulizwa kwa haraka ikafika isikotakiwa. Praima iliacha michirizi chini ya bodi. Wakaguzi waliweka alama za chaki na madoa ya rangi kuonyesha kwamba boliti fulani imekazwa. Mfufuaji stadi huchunguza gari ambalo halijawahi kuguswa, anapiga picha kila mchirizi, kisha anaurudia kwa mkono kwenye gari jingine. Akipuliza rangi vizuri kuliko mfanyakazi wa 1971, anapoteza alama.

Fikiria maana yake. Michirizi ile ni mwandiko wa watu waliokuwa wakikimbizwa. Haraka ambayo watu walifukuzwa kazi kwa kuipinga, leo inanakiliwa polepole na fundi anayelipwa kwa saa. Mkusanyaji anauona mwandiko, anauthamini, anaweza kuutofautisha na wa kughushi. Asichouliza ni wa nani, na kwa nini mkono ulitetemeka.

Nimesikia jibu la swali hili katika mijadala ya darasani, na si jibu la kijinga: anayenunua gari hawajibiki kuwa mwanahistoria wa migomo. Anayependa taarabu hadaiwi orodha ya mishahara ya wapiga fidla. Ningekubali kama wakusanyaji wangekuwa wanapenda tu, kama anayependa machweo. Lakini wao wenyewe wamejiwekea kanuni ngumu zaidi. Wamesema kwamba gari lina wasifu, kwamba wasifu huo lazima uthibitishwe, na kwamba kipande kimoja kisichojulikana kinapunguza thamani. Wakipata pengo la miaka miwili kati ya mmiliki wa tatu na wa nne, wanalitafuta kwa miezi. Kwa kanuni yao wenyewe, wasifu unaoanzia kwa muuzaji wa kwanza umekatwa ukurasa wa mbele.

Na si kwamba ukurasa huo haupo. Magazeti ya DRUM yamehifadhiwa katika makavazi ya Detroit. Kitabu cha Dan Georgakas na Marvin Surkin kuhusu harakati hizo kilitoka 1975, wakati Hemi iliyotumika bado ingeweza kununuliwa kwa bei ya gari la kawaida. Sehemu mbili za hadithi moja zimetunzwa kwa uaminifu na watu ambao hawasomani: wale wenye namba na wale wenye magazeti.

Dodge Main ilifungwa mwanzoni mwa 1980 na kubomolewa mwaka uliofuata. Ili kujenga kiwanda kipya cha General Motors kwenye eneo hilo, mtaa wa jirani wa Poletown ulibomolewa pia, na watu zaidi ya 4,000 wakahamishwa. Leo kiwanda hicho kinaunganisha malori ya umeme ya Hummer, yasiyo na kabureta wala mngurumo. Anayetaka kuona mahali pale palitengeneza nini mwaka 1971 itabidi atafute gari.

Kijitabu cha mnada wa gari kama hilo huwa na kurasa kadhaa: injini, giaboksi, rangi, idadi iliyotengenezwa, wamiliki, hati. Nafasi ya kuongeza aya moja ipo. Ingeweza kuanza hivi: gari hili liliunganishwa Dodge Main, Hamtramck, na watu waliogoma kwa sababu ya kasi ya mstari miaka mitatu kabla. Sidhani kwamba aya hiyo ingeshusha bei. Kwa ninavyowaelewa wakusanyaji, ingeipandisha, na hilo ni tatizo jingine linalostahili makala yake.